Shingo Upande

Mwaka wa kwanza wateja walisema
Roswitha siku hizi anatuhudumia shingo upande,
na kweli, ilikuwa upande:
kidevu kimeelekea bega la kushoto,
jicho la kulia likiitafuta mizani kwa pembeni
kama mtu anayechungulia mlango usio wake.
Nilikata nyama kwa kukisia.
Gramu mia mbili ikawa mia mbili na hamsini,
na Bibi Klett hakulalamika.

Daktari wa kwanza alisema ni mto wa kulalia.
Wa pili akasema ni huzuni, maana Gerold tulikuwa tumemzika Machi.
Wa tatu aliniuliza kama kuna kitu upande wa kulia
nisichotaka kukiona.
Nikamjibu: upande wa kulia kuna duka la mikate
na deni langu la keki.
Miaka sita.

Nilikuwa na hila moja, sikufundishwa na mtu:
kidole kimoja shavuni, kuligusa tu, bila nguvu,
na kichwa kinarudi katikati, kitiifu,
kama ng'ombe aliyesikia jina lake.
Nikiondoa kidole, kinakwenda zake.
Kanisani walidhani nawaza mambo ya mbinguni.

Dakta Nilgün Aksoy, kule Tübingen,
hakuuliza habari za huzuni.
Alinipapasa shingo kama mimi ninavyopapasa paja la nguruwe,
akijua kila msuli unaanzia wapi na unaishia wapi.
Huu, akasema, na huu, na huu wa nyuma,
inavuta bila kutumwa.
Kisha akaitaja dawa.

Nikacheka hadi bega likauma.

Maana sumu ile naijua kwa jina la nyumbani.
Babu aliiita Yule.
Yule hana harufu wala rangi, alisema,
Yule hukaa ndani kabisa ya soseji, pasipo hewa,
anakusubiri.
Kwa ajili yake tulitia chumvi, tukafukiza moshi,
tukachemsha mpaka madirisha yakatoka jasho,
vizazi vinne vya kina Zundel,
na soseji yenye shaka ilifukiwa nyuma ya banda
hata mbwa asiionje.
Leo binti Aksoy anamtoa Yule kwenye jokofu,
ndani ya kichupa kisichojaza kiganja.
"Dawa ya moto," nikasema.
"Ni kipimo," akajibu.

Sindano ilikuwa na waya, waya ukaingia kwenye mashine,
na mashine ikaupa msuli wangu sauti:
mafuta yakitatarika kaangoni.
Usiku na mchana, miaka sita,
kumbe nilikuwa nakaangwa.
Nne mbele, tatu nyuma. Pamba. Plasta. Nenda nyumbani.

Siku ya kwanza, hakuna.
Ya nne, hakuna; nikamtukana Yule kwa uvivu wake.
Ya tisa nilikuwa nafunga nyuzi za soseji,
nikainua macho,
na duka la mikate lilikuwa limepakwa rangi ya kijani.
Tangu lini?
Tangu mwaka juzi, akasema kijana wa dukani.

Sitasema nimepona.
Wiki ya tatu mkate ulinikwama kooni,
nikaishi kwa supu siku kumi.
Wiki ya kumi na moja kichwa kinaanza tena kunong'onezana na bega,
mpangaji aliyefukuzwa
anayejua ufunguo unafichwa wapi.
Ndipo naitazama tarehe, nimeiandika kwa penseli
kwenye karatasi ya kufungia nyama, juu ya pipa la chumvi.

Lakini jana, duka tupu, mizani imetulia kwenye sifuri,
niligeuka kushoto makusudi.
Polepole. Nikautazama ukuta ule ule wa miaka sita:
ufa, msumari, koti la Gerold.
Nikakaa nalo kidogo.
Kisha nikageuka nilikotaka.